Familia ya wakimbizi imefika mtaani: mkae nao, muwapangie chumba, au muwe watu wa kuwasindikiza?

Jumapili moja baada ya ibada tulimkuta mama ameketi benchi la nyuma kabisa na mamake mzee na watoto watatu, mizigo yao ni mifuko miwili ile ya mistari, na mtoto wa mwisho amelalia mmoja kama mto. Walitoka Bukavu, mashariki mwa Congo. Waasi wa M23 waliingia mji huo Februari 2025, wao wakatoka na nguo walizovaa, wakazunguka mpaka Uganda, wakapanda basi hadi Nairobi, na ile namba ya ndugu wa kuwapokea ikawa haipatikani. Ndani ya nusu saa tulikuwa watu wazima 12 tunabishana pale nje, wote na nia nzuri, mmoja anasema leo hii naenda nao kwangu, mwingine anasema hapana tuchange wapangiwe chumba, na mwalimu mmoja mstaafu akasema yeye hana nafasi na hana pesa lakini muda anao.

Mwishowe tulipitia njia zote tatu, moja baada ya nyingine, zingine tukafanya vizuri na zingine tukaharibu. Tangu hapo napigiwa simu na watu wa makanisa na misikiti na ploti zingine, na swali ni lile lile, ipi afadhali? Siwezi kumjibu kila mtu jibu moja, manake inategemea nyumba yako, mfuko wako, na zaidi ya yote hiyo familia yenyewe. Ninachoweza ni kuzipima zote kwa mizani moja halafu wewe uchague.

Naongea kuhusu Nairobi na miji ya pembeni, kwa hivyo wa Tanzania au Uganda ajue sheria zake ni zingine. Kenya ina wakimbizi na waomba hifadhi zaidi ya 800,000, wengi wako Dadaab na Kakuma na Kalobeyei, lakini mijini wapo pia, Wasomali na Waethiopia Eastleigh, Wakongomani Kayole, Kasarani, Githurai, Kitengela. Hawa wa mijini ndio unakutana nao kwenye ngazi ukienda kuanika nguo.

Kwanza, tunapima nini

Pesa, na simaanishi ya mwezi wa kwanza, ile kila mtu hutoa. Namaanisha ya mwezi wa tatu na wa nne wakati watu washaanza kusoma meseji kwenye grupu na kunyamaza.

Muda wako, saa ngapi kwa wiki na saa gani, manake ofisi nyingi za serikali hazifunguliwi Jumamosi.

Funguo. Yaani nani anafungua mlango na nani anaomba ruhusa. Wengi hawalipimi hili kabisa na kwangu mimi ndilo zito kuliko yote.

Karatasi, nani anafuatilia.

Na mwisho wake, mnaachanaje bila kununiana.

Kuhusu karatasi niseme hapa mara moja kwa sababu ni sawa kwa njia zote. Mtu akifika akiwa anaomba hifadhi lazima ajitokeze kwa Idara ya Huduma za Wakimbizi, DRS, aandikishwe, na huko kuandikishwa ni bure, mtu yeyote anayeitisha pesa ni tapeli. Usimfiche mtu. Kukaa na mgeni ambaye hana karatasi yoyote na hajaenda popote kunaweza kukuletea shida na sheria za uhamiaji wewe na yeye. Pia mjue serikali hutaka wakimbizi wakae maeneo yaliyotengwa, na aliye kambini anahitaji kibali akitaka kutoka, kwa hivyo inawezekana familia iambiwe iende Kakuma na nyinyi mshalipa dipoziti. Mpango wa serikali unaoitwa Shirika, uliozinduliwa Machi 2025, unataka kugeuza hizo kambi ziwe makazi ya kawaida ambapo wakimbizi na wenyeji wanaishi na kupata huduma pamoja, lakini hayo ni mambo ya miaka, na huo huo mwaka wa 2025 mgao wa chakula Kakuma ulipunguzwa sana hadi watu wakaandamana. Kwa hivyo kabla ya kuchagua chochote tafuteni ushauri wa kisheria. Kituo cha Sheria na RCK (Refugee Consortium of Kenya) wanawasaidia wakimbizi na hawalipishi.

Njia ya 1: Kuishi nao kwako

Pesa. Kwa macho ni njia rahisi, hakuna renti ya pili. Lakini nyumba ya watu wanne ikiwa ya watu tisa kila kitu kinapanda, maji, unga, tokeni za stima. Kwa jirani yetu aliyewachukua, mtungi wa gesi wa kilo 6 uliokuwa unamaliza mwezi uliisha siku ya tisa. Si ubadhirifu, ni sombe. Majani ya mhogo huwezi kuyapika nusu saa kama sukuma wiki, yanachemka mpaka yalainike kabisa, halafu ndio mawese yanaingia. Yeye mwenye nyumba hakujua, mgeni naye hakujua kwamba gesi Nairobi inanunuliwa kwa kuhesabu siku, na hakuna aliyesema kitu mpaka moto ulipozimika sufuria ikiwa katikati.

Muda. Ni wote. Hakuna saa ya kutoka kazini. Ukiwa na kazi ya kuondoka saa kumi na moja asubuhi na kurudi usiku, anayebeba mzigo ni bibi yako au dada wa kazi, na huyo ndiye unapaswa kumuuliza kwanza kabla hujasema karibuni.

Funguo. Hapa ndipo pagumu. Yule mama alikuwa anaamka saa kumi usiku kuosha vyombo ambavyo hakuvichafua yeye. Watoto wakicheka anawanyamazisha. Mwenye nyumba akimwambia mama pumzika, jisikie uko kwako, anasema aksanti sana, halafu anachukua fagio. Siku moja alianza kutwanga kwa kinu, ghorofa ya tatu, na wa chini wakapanda kulalamika, na kutoka hapo hakukigusa tena hicho kinu muda wote aliokaa pale. Hakuna aliyemkosea. Ila mtu mzima aliyekuwa na nyumba yake na baraza lake, ukimfanya aombe ruhusa ya kupika, kuna kitu ndani yake kinasinyaa hata kama unampenda vipi.

Na kwa upande mwingine kuna kitu hii njia inatoa ambacho zingine hazitoi. Usiku wa kwanza na wa pili na wa tatu mtu aliyetoka vitani hataki kulala chumba kitupu peke yake na watoto. Mtoto wa pili alikuwa anashtuka kila bodaboda ikipiga ekzosi, na kulikuwa na mtu wa kumshika. Yule mzee, koko, ndivyo wajukuu wanamwita, alikaa na mama mwenye nyumba jikoni wakichambua maharagwe, na siku ya nne akaanza kusimulia. Hayo hayanunuliwi.

Karatasi. Mnajua wako wapi, simu ya ofisi ikija inapatikana. Lakini keyateka na mwenye ploti waambieni mapema, wasisikie kwa majirani.

Mwisho wake. Ni mbaya kama hamkusema tarehe. Sisi hatukusema. Wiki ya sita mwenye nyumba alikuwa anaogopa kutaja na mgeni alikuwa anaogopa kuuliza. Sema siku ya kwanza kabisa, mama, hapa ni wiki mbili tukitafuta kwengine, na haimaanishi mmechokwa.

Inamfaa nani: mwenye chumba kinachofungwa mlango kweli, si pazia sebuleni, na ambaye watu wote wa nyumba wamekubali. Familia yenye mzee au mama aliyejifungua juzi. Haifai kama watoto wakubwa wa kike na kiume wa pande zote mbili watalala pamoja, hilo usilifunike kwa ukarimu, waulize wote wanalala wapi kabla ya kuulizana watakula nini.

Njia ya 2: Kuchanga na kuwapangia chumba

Pesa. Nitaandika zetu zilivyokuwa, wewe badilisha kulingana na mtaa wako. Chumba kimoja kikubwa 5,500 na dipoziti kiasi hicho hicho. Tulilipa miezi mitatu kamili na wa nne nusu, yaani 19,250, na dipoziti ikawa 24,750. Magodoro mawili 7,000. Jiko, sufuria, ndoo, kufuli, pazia la kugawa chumba, 4,000. Chakula 2,500 kwa wiki kwa wiki nane, 20,000. Jumla 55,750, na sisi tuko 12, kila mtu kama 4,650 kwa miezi yote minne. Ukiigawa hivyo unaona si mlima. Kilichotusaidia ni kwamba tulikusanya zaidi ya nusu KABLA hawajahamia, wakati moyo bado uko moto, hatukungoja mwezi wa tatu ndio tuanze kupiga simu.

Muda. Mwingi wiki mbili za kwanza, kutafuta nyumba, kubeba vitu, kuongea na landilodi, baadaye unashuka. Mtu mmoja awe ndiye wa kulipa renti kila tarehe tano, si grupu nzima, manake kazi ya watu wengi haina mwenyewe.

Funguo. Ni zake. Siku tuliyompa kufuli mpya na funguo mbili, moja alimpa mamake na nyingine akaifunga kwenye kona ya kitenge. Jioni nilipita nikakuta kinu kiko nje karibu na bomba anatwanga bila wasiwasi. Wiki hazikuwa nyingi wakaja wamama wengine Wakongomani wa mtaa wakauliza kama anauza, akaanza kuuza sombe iliyotwangwa kwenye vipakiti. Ile kelele iliyokuwa shida ghorofa ya tatu ikawa ndio unga wa jioni. Sisi hatukupanga hilo, tulikuwa tunafikiria kumtafutia kazi ya kufua.

Hatari ya njia hii ni upweke. Unalipa renti halafu unajisikia umemaliza. Tulikosea hapo, wiki tatu hivi kila mtu alidhani mwenzake anapita, kumbe koko aliishiwa dawa za presha na hawakutaka kusumbua. Mtu anaweza kufungiwa ndani ya ukarimu wenu na msijue.

Karatasi. Landilodi wengi wanataka kitambulisho. Wengine wanakubali kadi ya mkimbizi au ile karatasi ya familia wanaita manifesti, wengine wanakataa kabisa, na wengine wakisikia lafudhi tu bei inapanda elfu moja. Nenda na mwenyeji anayejua bei za hapo. Jina kwenye risiti liwe la mama mwenyewe kama mwenye nyumba atakubali, dipoziti pia iandikwe ni yake, ili akihama hela hiyo imfuate.

Mwisho wake. Unaonekana tangu mwanzo ukiupanga kwa kushuka, tatu kamili, moja nusu, halafu basi. Mwambie kwa maneno na umwandikie pia kwenye karatasi. Na pesa kidogo ibaki kando kwa dharura ya mwezi wa tano, manake mwezi wa tano mvua hunyesha, mtoto huugua, biashara hulala.

Inamfaa nani: kikundi cha watu wasiopungua wanane wenye kipato cha kueleweka, chama, jumuiya, watu wa kazini. Familia yenye mtu mzima mwenye nguvu za kufanya kazi. Haimfai mtu mmoja anayetaka kubeba peke yake, wala msichana wa miaka 17 aliyekuja bila mzazi, huyo asipangiwe chumba, huyo apelekwe kwa wanaoshughulika na ulinzi wa watoto.

Njia ya 3: Kusindikiza

Hii ndiyo watu hudharau. Haina harambee, haina picha. Unakubali kuwa yule mtu ambaye familia inampigia ikikwama, na unaenda nao.

Pesa. Nauli, fotokopi, chai. Ukiwa na elfu moja kwa mwezi inatosha.

Muda. Saa nyingi, na ni za mchana siku za kazi. Mwalimu wetu mstaafu alihesabu wiki moja akakuta ametoka siku nne. Kupanga foleni asubuhi, kungoja, kuambiwa rudi Alhamisi, kurudi Alhamisi.

Funguo. Hapa ni suala la nani anaongea. Ukifika kaunta uongee wewe kila kitu, yeye anakuwa mzigo uliobeba. Mwalimu alikuwa anamwacha mama aongee mwenyewe na kuingilia pale tu neno linapokwama, na yanakwama kweli, watu wanadhani Kiswahili ni kimoja basi hakuna shida. Siku ya kwanza sokoni mama alimwambia mama mboga, niko natafuta lengalenga, akaambiwa hakuna, na terere imejaa hapo mbele yake fungu kwa fungu. Alirudi mikono mitupu. Kesho yake mwalimu akaenda naye, hakununua kitu, alimwonyesha tu kwa kidole, hii mnaitaje, na hii, ndagala huku wanaita omena, na mama mboga mwenyewe akafurahia akawa anauliza majina ya huko. Sasa hivi hao wawili wanaitana dada.

Shuleni ilikuwa ngumu zaidi. Yule binti mkubwa alisoma kwa Kifaransa, hesabu anazijua sana lakini swali limeandikwa Kiingereza, wakataka kumrudisha darasa la watoto wadogo kuliko yeye kwa miaka minne. Mwalimu alikaa na mwalimu mkuu, akaomba apewe karatasi ya hesabu tupu bila maneno. Akazimaliza zote. Wakampandisha. Hilo hakuna pesa ingelifanya, ni mtu mmoja aliyekuwa na asubuhi yake na anajua shule zinaongeaje.

Karatasi. Hii njia ndiyo yenyewe. Fotokopi tatu za kila kitu, moja nyumbani, moja kwenye pochi, moja kwako. Picha kwenye simu. Tarehe za kurudi ofisini ziandikwe ukutani. Akitaka kuajiriwa kuna kibali cha kazi cha daraja M kwa wakimbizi, na kinafuatiliwa kweli kweli, si siku moja. Na kuna jambo moja ambalo Wakongomani wanaulizana sana sasa: Congo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na Sheria ya Wakimbizi ya Kenya ya 2021 inamruhusu mkimbizi wa nchi ya jumuiya kuachia hadhi ya ukimbizi kwa hiari ili apate faida za jumuiya. Inasikika tamu, lakini ukiiachia umeachia na ulinzi wake, kwa hivyo mtu asisaini chochote kabla hajakaa na wakili.

Msindikizaji ndiye pia wa kuzuia matapeli. Kuna watu wanawauzia wageni ahadi ya kupelekwa ng'ambo, lete elfu ishirini jina lako liingie. Hakuna anayelipia hiyo safari ya UNHCR, shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, haiuzwi. Na tangu Januari 2025 Marekani ilisimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi, kuna familia zilikuwa zimeshauza vitanda zikingoja ndege. Usipange maisha ya mtu juu ya hiyo ndege, mtoto aende shule leo.

Mwisho wake. Haina siku ya kuachana na si lazima iwe nayo, inapungua yenyewe, simu zinatoka kila siku mpaka mara moja kwa wiki, halafu siku moja anakupigia akuulize wewe hali yako.

Inamfaa nani: mstaafu, mwanafunzi aliyefunga chuo, mfanyabiashara anayejipangia saa, mtu mpole asiyeudhika na foleni. Haimfai anayeahidi na kutotokea. Mgeni aliyengojea getini saa mbili nzima na hukuja, wiki inayofuata hatakupigia, na ataenda kwa tapeli.

Kuhusu mtaji

Wengine wananiambia mbona msiwape tu mtaji. Sawa, lakini mtaji wa wiki ya pili huliwa, na si vibaya, kuna njaa. Ngoja mpaka yeye mwenyewe akuonyeshe kitu ambacho tayari anauza hata kama ni cha mia mbili, hapo mwongezee. Na kuuza nje barabarani kuna vibali vya kaunti, muulizieni mapema.

Sasa chagua kulingana na hali yako

Kama wamefika leo usiku na kuna mtoto mgonjwa au mzee, wachukue kwako, taja tarehe, na kesho yake kikundi kikutane.

Kama mko wengi na kipato kidogo kidogo, pangeni chumba, lakini mtu mmoja apewe kazi ya kupita kila Jumanne na kila Ijumaa, si ya kuleta kitu, ya kukaa tu.

Kama uko peke yako na huna pesa, sindikiza. Familia yenye chumba na bila msindikizaji nimeona ikikwama zaidi kuliko familia iliyobanana kwa mtu lakini ina mtu wa kwenda naye ofisini.

Kama una nafasi nyumbani lakini mwenzako hajakubali, usilazimishe, toa godoro kwa wanaopanga.

Kama familia imeshakaa miaka na inajimudu, hawahitaji yoyote ya hizi tatu, wanahitaji kualikwa kwenye harusi na kuingizwa kwenye chama kama mpangaji mwingine yeyote.

Na kabla hamjaenda kutazama vyumba, muulizeni mama mwenye familia anataka awe karibu na nini. Sisi tulishachagua, tukalipa na dipoziti, chumba kizuri kina stima na maji, juu ya baa. Alinyamaza akasema aksanti. Koko ndiye alimwambia mwalimu siku ya pili kwamba watoto wakisikia watu wanapiga kelele usiku wanaingia chini ya kitanda, tukarudi kwa landilodi kuomba kile cha nyuma karibu na shule, kidogo zaidi, bomba liko mbali, na ndicho alichokitaka tangu mwanzo.